Jino la Mbele la Bi Mize

Jumatatu, 3 Februari
Wagonjwa wengi, umeme haukukatika, siku njema. Meno ya chini ya mbele leo matatu. Yote mzizi mmoja, mfereji mmoja. Nimeyaingiza kwenye daftari la utafiti.

Kombo, fundi wetu wa eksirei, ana mkono mtulivu. Picha zake zimenyooka mpaka zinatia raha. Mimi ndiye niliyetaka hivyo. Niliandika mwenyewe kwenye mpango wa utafiti: kila jino lipigwe picha kwa mbele, sawasawa, ili picha zilingane. Msimamizi wangu wa Dar es Salaam akaupitisha bila neno.

Nataka kujua mifereji ya ndani ya mizizi ya meno ya Wapemba imekaaje. Vitabu nilivyosomea vinaeleza meno ya watu wengine. Ningependa kuyapasua yaliyong'olewa nione kwa macho, lakini hapa mtu akitolewa jino huondoka nalo akalizike. Chupa yangu ya kuhifadhia ina meno mawili, na moja ni langu. Basi imebaki picha tu. Haidhuru. Kusoma picha naweza. Katika hospitali hii hakuna anayenizidi, na sioni haya kuliandika hapa.

Alhamisi, 6 Februari
Bi Mize karudi. Mtu wa Mtambile, anasomesha wanawake Kurani. Kabla ya mwaka mpya nilimtibu jino la chini la mbele: nikausafisha mfereji, nikaujaza, nikapiga picha ya mwisho. Picha ya kutia kwenye fremu.

Leo jino linauma akiligusa kwa ulimi, na ufizi umetoa kipele cha usaha. Nimekasirika. Si na yeye, na jino.

"Daktari, mie sikulaumu," kaniambia. "Lakini nnalala nalo, nnaamka nalo."

Nimempa dawa ya maumivu. Sikumpa sababu, kwa kuwa sina.

Jumatatu, 10 Februari
Dkt. Shaame, mkuu wetu wa kitengo, kaitazama picha ya Bi Mize akiwa kasimama, hata miwani hakuvaa. Kwake yeye, jino limezibwa vizuri na bado linauma, basi litoke. Kampangia Jumanne ya wiki ijayo. Kasema mbele ya wauguzi kuwa sisi wasomi tunapenda kulea meno kama watoto wa kwanza. Wakacheka, na mimi nikacheka. Moyoni nilikuwa nafoka.

Jino lile halina sababu ya kuuma. Nimeitazama picha mpaka macho yameuma. Mfereji mmoja, umejaa mpaka mwisho.

Jumatano, 12 Februari
Bi Mize kaja bila miadi. Hakuja kulia, kaja kunifahamisha.

Sini, swadi, zai, herufi tatu za Kurani. Kanionyesha mbele ya kioo changu, mdomo wazi, kama mimi ndiye mwanafunzi. Ncha ya ulimi inakaa karibu na meno ya chini ya mbele, pumzi inapita juu yake na kutoa mluzi mwembamba. Pakiwa na pengo, pumzi inavuja. Wanafunzi wake ni watu wazima, wengi wao kusoma wameanza ukubwani, na wanaifuata sauti yake. Yeye akipotea, darasa zima linapotea, na wao wana watoto nyumbani wanaowasomesha. Ramadhani imekaribia. Baada ya hapo wanakwenda Gombani kwenye mashindano ya kusoma Kurani, mara yao ya kwanza.

Nikamtajia jino la bandia. Kanitazama kwa huruma.

"Mie sitafuti sura, mwanangu. Nnatafuta herufi."

Kisha kafungua pochi yake, katoa kitambaa cheupe, kidogo, kishapindwa kingo. Cha kulifungia jino Jumanne. Pa kulizika keshapachagua, nyuma ya nyumba yake, penye mkarafuu. Yeye katulia. Mimi sijatulia hata kidogo. Nimemwomba aje Jumatatu tupige picha moja zaidi.

Jumatatu, 17 Februari
Naandika haraka kabla sijajitetea.

Bi Mize kaja na mkwe wake, Zuwena, mmoja wa wanafunzi wake. Kombo alikuwa ananung'unika: picha ya nini, na kesho jino linatoka? Nikamwambia apige. Kibamba cha picha kimo mdomoni, mashine imelengwa, Bi Mize kakaa kimya. Nje ya mlango Zuwena alikuwa anarejea somo lake kwa sauti ya chini. Akakosea herufi. Bi Mize, na kibamba chake mdomoni, akageuza kichwa kumtafuta. Kombo alikuwa keshabonyeza.

Picha ikatoka imepinda, kona moja imekatika.

"Hino imeharibika," kasema Kombo. "Naifuta."

Nilimshika mkono. Kwenye jino lile mlikuwa na mistari miwili. Mmoja mweupe, ndio niliouziba. Ubavuni mwake mwingine mwembamba, mweusi, mtupu. Haujaguswa na mtu.

Mfereji wa pili uko nyuma ya wa kwanza, upande wa ulimi. Ukipiga kwa mbele sawasawa, wa mbele unauficha wa nyuma, kama watu wawili kwenye foleni. Ukisogea kidogo pembeni unawaona wote. Hili nilifundishwa. Nililijibia mtihani nikapata. Kisha nikaandika mpango wenye picha zilizonyooka kwa sababu zinapendeza zikipangwa pamoja.

Nimeumbuka. Na si kwa Bi Mize peke yake. Kila jino la chini la mbele kwenye daftari nimeliandikia 1, na sasa sijui ni ngapi kati ya hizo zina ukweli.

Jumanne, 18 Februari
Asubuhi na mapema nikaenda kwa Dkt. Shaame na picha mbili, ile nzuri na ile mbovu. Safari hii alivaa miwani. Alizitazama zote mbili kwa zamu. Kisha kasema jino hilo ni langu mpaka mwisho wa mwezi. Likiwa bado linauma, atalitoa yeye. Hakunitania. Ningependa angenitania.

Kwa Bi Mize nimesema wazi: palikuwa na mfereji wa pili, mimi nikaupita, ndiyo maana umeumia. Yeye kakirudisha kitambaa kwenye pochi, kaegemea kiti.

"Basi utafute."

Nikasema bismillahi kwa sauti kabla ya kushika mashine ya kuchimbia. Kanisahihisha, na ganzi imeshamshika mdomo mzima. Nikairudia mpaka akaridhika.

Jino la chini la mbele ni jembamba, ukichimba vibaya unalitoboa na hapo hakuna la kuokoa. Nilichimba kidogo kidogo kuelekea upande wa ulimi. Mgongo uliniuma. Sindano ya kusafishia mfereji, nyembamba kuliko zote, ikakwama, ikakwama tena, kisha ikazama. Niliijua kwa vidole kabla ya macho. Ndani mlikuwa na uchafu wa miaka. Nimesafisha, nimetia dawa, nimefunga kwa muda.

Nilimaliza nimelowa jasho. Mimi ni hodari. Nilikuwa hodari na nikakosea. Yote mawili yaandikwe.

Alhamisi, 20 Februari
Nimemwandikia msimamizi: picha zangu zote za meno ya chini ya mbele hazitoshi, kosa ni la mpango, mpango ni wangu. Niliituma barua kabla sijaisoma mara ya pili, nisije nikailainisha.

Kisha simu. Nawaita watu wa kwenye daftari mmoja mmoja. Kila mtu naomba ruhusa upya, na atakayekataa jino lake linatoka kwenye daftari. Mzee mmoja wa Msuka kaniuliza kama nimeipoteza picha yake. Nikamwambia sikuipoteza, niliipiga vibaya. Kasema atakuja Jumatatu, ana shughuli zake mjini vilevile.

Kombo kabandika utepe mwekundu sakafuni, pahala pa kuisogezea mashine kwa picha ya pili. Hakuna aliyemtuma. Bado ananung'unika.

Jumatatu, 24 Februari
Wamekuja wengi kuliko nilivyotaraji. Mzee wa Msuka: mifereji miwili. Mama mmoja baada yake: mmoja tu, picha zote mbili. Kijana wa karibu na uwanja wa Gombani: miwili. Sasa ndiyo naona. Sikumbuki lini nilifurahi hivi kwa kukosea.

Msimamizi kajibu. Maneno machache. Nirekebishe mpango, nipitishe ruhusa ya utafiti upya, na nisitaraji kumaliza mwaka huu. Nimeumia. Nilishawaambia nyumbani kuwa mwaka huu namaliza.

Jumanne, 25 Februari
Kipele cha Bi Mize kimekauka. Nimeligonga jino kwa mpini wa kioo, hakushtuka. Nimeujaza mfereji wa pili, sasa yote miwili imejaa. Kombo kapiga picha mbili, ya mbele na ya pembeni, bila kuambiwa. Dkt. Shaame kapita, kaziangalia, kaenda zake. Jina la Bi Mize limefutwa kwenye orodha ya kung'olewa, kwa kalamu ya Dkt. Shaame mwenyewe.

Alhamisi, 27 Februari
Mvua kidogo asubuhi. Wagonjwa wachache.

Bi Mize kaja na Zuwena. Hakukalia kiti cha matibabu, kakaa kwenye benchi, kasoma aya chache kwa sauti ya kawaida. Mimi sikio langu halifiki huko. Nilimtazama Zuwena. Zuwena alikuwa amefumba macho, akifuatiza kwa midomo.

Wakati wa kuondoka Bi Mize kaniwekea kitambaa cheupe juu ya meza.

"Kaa nacho weye. Siku likitoka ntakuja kukifuata."

Baada ya wao kwenda nikafungua daftari kwenye ukurasa wake. Nimeikata 1 kwa mstari mmoja, inasomeka bado, nikaandika 2 pembeni yake na tarehe ya leo. Kitambaa nimekikunja, nimeandika jina lake kwenye pindo kwa penseli, nimekitia kwenye mtoto wa meza.