Taya la Dinosaria Limeninyima Raha Nyumbani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo ikifika sijui nitauweka wapi uso wangu. Mimi ni mwalimu wa udereva, mtu mzima mwenye wajukuu, na kwa miaka mingi siku zangu za mapumziko nakwenda kwenye korongo lililo nyuma ya kiwanda cha matofali kuokota meno ya dinosaria, si yale majitu ya kwenye picha, hawa wangu walikuwa wadogo, wengine hawamzidi bata mzinga, lakini walikula nyama, na meno yao yaliyogeuka jiwe ni madogo, yamepinda, ukipitisha ukucha pembeni unahisi vijino kama vya msumeno. Nina kibali cha makumbusho, kila ninachookota nawapelekea, na mtaani wananiita Mzee Meno, jina ambalo, nisikufiche, nalipenda.

Mke wangu ni fundi cherehani. Mwanzo alinicheka, akisema wenzangu wanaleta nyanya nyumbani mimi naleta mchanga, halafu siku moja akanifuata ili tu ahakikishe kwamba kweli nakwenda huko ninakosema, akakaa kivulini, na kabla chai yake haijapoa akaniita, "Baba watoto, hili nalo ni jino?" Lilikuwa jino, tena zima, nami nilikuwa nimelipita. Tangu hapo tukawa tunakwenda wote, na macho yake yaliyozoea kutunga uzi kwenye sindano yakawa yanaona vitu ambavyo mimi navikanyaga, na sikuchukia, mshauri, nilifurahi kupata mwenzangu.

Tatizo lilianzia kwenye ubishi. Korongoni tunapata meno ya namna mbili, mengine bapa na makali kama kisu, mengine manene na mafupi, nami siku zote nimesema hao ni wanyama wawili tofauti, nimewaeleza hivyo majirani, wakwe, hata wanafunzi wangu ndani ya gari. Yeye akasema, "Ni mnyama mmoja. Wewe mwenyewe una meno ya mbele na una magego, mbona hatusemi mko wawili?" Nikamjibu kwamba hayo si mambo ya vitambaa. Tulipomuuliza mtaalamu wa makumbusho, akasema hawezi kuamua mpaka ayaone meno yakiwa bado kwenye taya.

Basi mvua zilipokatika tukarudi, mke wangu akapiga magoti karibu kabisa na mahali nilipokuwa nimeweka kapu langu, akapuliza vumbi, kisha akaniita kwa sauti ya chini, nikaja nikaona kipande cha taya chenye urefu wa kidole, meno yamekaa kwa mstari, manene mbele, bapa nyuma. Mnyama mmoja. Hatukuligusa, tukampigia simu mtaalamu, akaja na wenzake wakalitoa pamoja na udongo wake, akampa mke wangu mkono na hakuuachia upesi.

Na mimi, mshauri, badala ya kumpongeza, nikasema mbele ya wote, "Bahati tu hiyo." Yeye alikung'uta gauni lake tu. Sasa makumbusho wanalizindua taya hilo Jumamosi, wamemwomba azungumze mbele ya wageni, jina lake limeandikwa kwenye kibao, na mtaani nimekuwa mume wa Mama Taya. Juzi akaniuliza nitavaa nini, nikamwambia siku hiyo nina wanafunzi wa mtihani, jambo ambalo si kweli. Akasema, "Kama huendi, na mimi siendi. Nitawaambia naumwa." Chekeche lake la kuchekechea mchanga wa korongoni amelitundika jikoni na hajaligusa tena. Nampenda mke wangu, lakini nikifikiria kukaa pale huku kila mtu akijua nilivyobisha, naona heri nibaki nyumbani. Je, nimsihi aende na binti yetu, au nijikaze?

Mzee Meno, au niliyekuwa Mzee Meno

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu, pole, na nakupa pole moja tu kwa sababu zilizobaki ni za mkeo. Miaka yote umeinama juani, halafu mtu aliyekuja kukuchunguza ndiye akaokota kitu kikubwa. Inachoma, naelewa.

Lakini hebu tuambiane ukweli. Unasema unayapenda meno haya. Miaka yote umetaka kujua ni ya mnyama mmoja au wawili, jibu limepatikana, amelipata mtu unayekula naye meza moja, na wewe umenuna. Mwanafunzi wako akifaulu mtihani wa barabarani, unamwambia ni bahati? Thubutu. Unajisifu mji mzima kwamba ni wewe uliyemfundisha. Sasa, nani alimpeleka mkeo korongoni? Na hilo la kusingizia mtihani, mtu mwenye wajukuu, nimeona haya kwa niaba yako.

Fanya hivi, na ufanye leo. Mwambie hakuna mtihani, ulidanganya, kwa maneno hayo hayo, usiyapambe. Mwambie bahati haipigi magoti kwenye mawe, yeye ndiye aliyepiga. Umwombe radhi mkeo huku binti yenu akisikia, maana ulimvunjia heshima mbele za watu. Jumamosi ukae mstari wa mbele, na mtu akikuuliza habari za wanyama wako wawili, sema ulikosea, kisha unywe soda yako. Aibu hiyo itaisha kabla ya soda. Akikosa kusimama pale kwa sababu yako, hiyo haitaisha.

Mzee Meno alituandikia tena wiki iliyofuata, naye ameturuhusu tuchapishe.

Mshauri, nilimwambia. Alinisikiliza huku anashona, hakuinua macho, kisha akauliza, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Akasema, "Haya, lete shati lako nikupunguzie mikono, usije ukaniharibia siku."

Alipanda jukwaani ameshika karatasi, akaitazama, akaikunja, akaitia mfukoni. Akaanza kueleza jinsi meno ya mbele yalivyoshika na ya nyuma yalivyokata, akionyesha kwa mdomo wake mwenyewe, watu wakacheka, na alipomaliza ukumbi wote ukasimama. Mimi nilikuwa wa kwanza kusimama na wa mwisho kukaa, mikono inauma kwa makofi. Bibi mmoja aliyekuwa pembeni yangu akaniuliza kama namfahamu yule mama.

Nikamwambia, "Vizuri sana. Tulibishana, akanishinda."