Vitabu Vyako Vimeishinda Salfa

Mnyambe, Newala

Dada yangu Rehema,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Musoma, na goti la Mama liwe limeacha kumsumbua. Mimi ni mzima wa afya, tena leo naandika huku nikicheka peke yangu, kwa sababu vile vitabu ulivyonichagulia vimeshinda.

Nilikueleza kwamba mwenyekiti wa kijiji alinipa chumba nivipange, kwa sharti moja: mwezi ukiisha bila wasomaji, chumba kinarudi kuhifadhi salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho. Dada, wiki tatu zilipita hakuna aliyeazima hata kimoja. Niliudhika sana. Nikajiambia watu hawa hawapendi kusoma, basi.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu, Mama Zuhura. "Mwalimu, huu ni wakati wa kubangua korosho. Tazama mikono yetu, mafuta ya maganda yameichuna na kuitia weusi. Tukishika karatasi zako tutaziharibu. Tunaona aibu."

Kumbe ilikuwa heshima, nami nikaiita uvivu. Kesho yake nikabeba vitabu hadi uani kwake, wanapobangua pamoja, nikawasomea kwa sauti. Sasa tuna utaratibu: anayesoma habangui, fungu lake wanambangulia wenzake. Hata waliokuwa wakidai wamesahau kusoma wanagombea zamu.

Tulianza na cha bustani. Huku juu maji ni ya shida, lakini siku hizi karibu kila ua una gunia la mchicha linalomwagiliwa maji yaliyosuuziwa vyombo. Cha ubunifu kimemtia Mama Zuhura wazimu wa kusuka mikeka ya michoro ambayo mwenyewe hajui ameitoa wapi. Cha historia ndicho wanachobishana nacho. Tulipofika kwenye vijiji vya ujamaa, Bibi Somoe, mkubwa wetu pale uani, akanikatiza: "Hapo wameruka. Andika kwamba maji tuliyafuata bondeni, tukirudi jua limeshapanda." Nimeandika pembeni, kwa wino. Wasomaji wa huko Musoma wapendekezee hicho kwanza. Kitabu cha kubishana nacho hakisinzishi mtu.

Mwezi ulipoisha, mwenyekiti akaja uani kudai chumba chake. Alitukuta kwenye kitabu cha afya. Akasikiliza kidogo akiwa amesimama, kisha akaomba akiazime, maana presha inamsumbua.

"Hakitoki hapa, Mwenyekiti," Mama Zuhura akamjibu. "Tumefika hapohapo kwenye presha. Kaa ubangue."

Akakaa, akajipaka majivu mikononi kuzuia mafuta ya maganda, kama wengine. Chumba hakukidai tena; salfa iko sebuleni kwake hadi leo, na mkewe ndiye msomaji wetu wa Ijumaa.

Nisalimie Mama, shemeji yangu fundi cherehani, na shangazi mwimbishaji wa kwaya. Mwambie Mama nimenenepa, ni mchicha huo.

Mdogo wako, mwenye majivuno kidogo,
Eliza