Chungu cha Makaa Mtumbwini

Jumatatu, 9 Julai 1906. Mbingu

Makaa nimebadilisha mara nne tangu alfajiri. Mtoto yuko kwenye kikapu, amezungushiwa usufi, chungu cha makaa kiko pembeni yake. Nikigusa miguu yake nikaikuta baridi, naongeza. Akitoa jasho, napunguza. Ndiyo kazi yangu sasa. Kufundisha hakuna. Shule ilichomwa mwaka jana wakati wa vita, na haijajengwa.

Ana siku tatu. Alikuja kabla ya wakati wake, anaenea kwenye viganja viwili. Mama yake, mke wangu Apolonia, tulimzika juzi. Sijalia vizuri. Sina nafasi.

Mama Luka, jirani, amemnyonyesha mara chache. Wa kwake mwenyewe analia njaa. Leo amesema akitazama chini, "Mwalimu, maziwa yanakauka." Sikumlaumu. Nani anakula vizuri mwaka huu.

Matilda, dada yake Apolonia, yuko Ifakara na ananyonyesha. Lazima twende. Kwa mtumbwi ni siku mbili na kitu. Kwa miguu mtoto hafiki. Kipupwe kimekaza. Asubuhi mto hauonekani kwa ukungu.

Jumanne, 10 Julai

Amekuja Ligunda, kaka wa Apolonia. Mlamu wangu. Sikuwa nimemwona tangu vita. Yeye alikunywa maji ya dawa na kwenda kupigana. Mimi nilikimbia na watu wa misheni. Tangu hapo anajificha kwenye matete. Amekonda sana. Ana kovu la risasi begani, analifunika kwa kaniki.

Alikaa kwenye kaburi la dada yake muda mrefu. Halafu akauliza mtumbwi uko wapi.

Simpendi. Naandika hivyo kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Sijui kama ni yeye aliyetia shule moto. Sijawahi kumuuliza. Lakini yeye mto anaujua, mimi siujui. Tumepatana: atanifikisha mpaka kona ya mwisho kabla ya kivuko cha Ifakara, ashuke, mimi nimalizie peke yangu. Kivukoni kuna askari, na wanawatafuta watu kama yeye.

Tumejenga kibanda cha mikeka katikati ya mtumbwi. Chungu nimekitoboa matundu ubavuni. Tumejaribu nchi kavu. Joto zuri kabisa.

Jumatano, 11 Julai. Mtoni

Joto halikai.

Mtumbwi ukisimama, kibandani kuna joto. Ukienda, baada ya muda mfupi kunapoa kama hakuna moto. Kwanza nililaumu makaa, kwamba ni ya mti laini. Nikaweka ya mti mgumu. Nafuu kidogo, kisha yale yale. Nikadhani majivu yameziba matundu. Nikayakung'uta. Yakawaka, yakapoa tena. Nikafunga kibanda pande zote. Moshi ukajaa. Mtoto akakohoa, akanyamaza.

Niliurarua mkeka kwa mikono. Akapumua. Niliogopa kuliko siku zote za vita.

Tumesimama mara sita ili kumpasha. Hatujafika tulikotaka kufika leo. Anadondoshewa maji ya wali mdomoni kwa pamba, nusu anayatema. Ligunda hasemi kitu. Ukimya wake unanichukiza.

Alhamisi, 12 Julai

Ligunda ameona tatizo. Asubuhi aliinua chungu, akapapasa chini yake, akaniita nami nipapase. Kitako kimelowa. Mtumbwi una ufa na unavuja kidogo. Tukisimama maji yanabaki mbele. Tukienda yanarudi nyuma mpaka chini ya chungu.

"Maji ndiyo yanakunywa moto wako, mwalimu," akasema.

Tena mlango wa kibanda nilikuwa nimeuelekeza mbele, upepo wote unaingia humo. Akaugeuza utazame nyuma. Akaziba ufa kwa nyuzi za gome na udongo. Akapanga vijiti, juu yake udongo mkavu, juu yake chungu. Kazi ya muda mfupi. Nilikuwa na siku nzima na sikuliona.

Joto limekaa. Kutwa limekaa. Upande wa Idete mke wa mvuvi mmoja amemnyonyesha mtoto, hakutaka kuelezwa mengi. Mtoto amelala, miguu ina joto.

Mchana nilimuuliza Ligunda kuhusu shule. Aliendelea kusukuma mtumbwi kwa upondo.

"Sikuichoma. Lakini nilikuwepo. Nilisimama nikatazama."

Nilimmegea muhogo wangu, akapokea. Ana mikono ya Apolonia. Sikuwahi kuona hilo.

Ijumaa, 13 Julai. Ifakara

Tumefika. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye.

Asubuhi ukungu na upepo. Tuligonga gogo lililozama. Hatukupinduka, lakini maji yaliingia na chungu kilipasuka. Makaa yote yalizimika. Midomo ya mtoto iligeuka rangi. Nilimtoa kikapuni nikamweka kifuani, ngozi kwa ngozi.

Kona ya mwisho ilikuwa mbele yetu. Nikimshika mtoto siwezi kushika upondo. Nikishika upondo mtoto anapoa. Ligunda aliitazama kona. Akanitazama. Akavua kaniki yake akatufunika, mimi na mtoto. Tukaipita kona.

Kivukoni askari wawili. Waliona kovu kwanza. Mmoja aliniuliza mimi, kwa sababu nina rozari shingoni, "Huyu ni nani wako?"

Ningesema ni mlamu wangu. Ningesema ni mpiga kasia wa misheni. Nadhani wangeniamini. Niliogopa watatuzuia sote, na mtoto alikuwa baridi. Nilinyamaza.

Ligunda akasema, "Hanijui. Nimemleta tu."

Walimfunga mikono. Nilipita na mtoto. Sikugeuka nyuma.

Jumamosi, 14 Julai

Mtoto ananyonya. Matilda amelia kwa ajili ya Apolonia tangu jana. Hajaniuliza nani alinileta.

Sijala.

Jumatatu, 16 Julai

Nimekwenda kivukoni. Ligunda hayupo. Amepelekwa Mahenge na wengine, wamefungwa kamba shingoni. Nimemwambia askari kwamba yule ni mlamu wangu, kaka wa marehemu mke wangu, amemwokoa mtoto.

"Ungesema siku ile," alijibu. Hakusema kwa ubaya.

Nimerudi. Matilda nimemwambia tu kwamba Ligunda amekamatwa. Yangu sikuyasema. Mwoga mimi.

Jumapili, 22 Julai

Watu walioshuka kutoka Mahenge wameleta habari. Ligunda amenyongwa Alhamisi, pamoja na wengine.

Matilda alikuwa ameketi uani juani, ananyonyesha. Wa kwake anatambaa karibu yake. Nilimweleza yote. Habari ya Mahenge, kona ya mto, kaniki, na kwamba niliulizwa yule ni nani wangu nikanyamaza. Sikujitetea. Ligunda alikuwa kaka yake, tena wa pekee. Alikuwa na haki ya kunifukuza, na kumbakiza mtoto au kunirudishia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Chozi lilimdondokea mtoto kwenye paji la uso, akalifuta kwa kidole gumba. Watu walipita njiani wakitoka kusali, wakatusalimu, tukaitikia.

Kisha akasema, "Mshikie kichwa, nimhamishe upande wa pili."

Nikamshikia.