Nilijipangusa Busu la Mchumba Wangu

Bibi Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba pia unisamehe urefu wa barua hii, kwa kuwa hii ndiyo fupi, ile ndefu niliichana. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mbili, Mkatoliki, mwalimu wa darasa la tatu hapa Tabora, ninakaa Kitete kwa shangazi yangu Flavia, na nimeposwa na kijana aitwaye Silasi, karani wa stesheni ya Igalula, mtu mpole mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu, ambaye kosa lake pekee mbele ya ukoo wetu ni kwamba amezaliwa na kubatizwa Mmoraviani, na ilichukua miezi saba ya kwenda na kurudi kwa padri, pamoja na machozi ya mama yake, mpaka ruhusa ikapatikana tufunge ndoa mwezi wa kumi. Ndoa hiyo sasa inaning'inia, na aliyeining'iniza ni mimi, kwa leso.

Lazima ujue kwamba mimi ni mtu wa kusoma kwanza na kuishi baadaye. Tulipochumbiana nilijua siku moja nitabusiwa, nikaona si vizuri jambo hilo linikute sijajiandaa, kwa hiyo nikaazima kitabu kinene cha Kiingereza kinachoeleza desturi za watu wa dunia, nikaisoma sura ya kubusu mara mbili huku nikiandika muhtasari. Wako wataalamu wanaodhani busu lilianza kwa mama kumtafunia mtoto chakula na kumtilia kinywani, na hilo nililisadiki upesi, maana bibi yangu alinilisha michembe kwa namna hiyo hiyo, ingawa ninachokumbuka si mapenzi bali ladha ya viazi vikavu. Wengine wanadhani lilianza kwa kunusana, na wengine wanasema waume wa Rumi ya kale waliwabusu wake zao ili kujua kama wamekunywa mvinyo. Nikaenda kumwuliza bibi kama wazee wetu walibusiana, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Mjukuu wangu, sisi tulipiga magoti tukapiga makofi, na wewe upo." Habari za midomo, alisema, alizisikia utotoni kwa wapagazi waliorudi kutoka pwani, pamoja na habari za maji yasiyo na mwisho, na yote mawili hakuyaamini.

Rafiki yangu Siwema wa Chemchem, ambaye ameolewa na ana watoto wawili, alipouona muhtasari wangu alinirudishia kwa ncha za vidole. "Mwalimu," akasema, "wewe ukipewa muwa utauliza ulipandwa na nani."

Basi Jumapili moja ya mwezi wa sita mimi na shangazi tulikwenda Igalula kuwaamkia wazazi wa Silasi, tukapokewa vizuri, mama yake akatuchinjia kuku ingawa hakuwa na maneno mengi, na jioni Silasi akatusindikiza stesheni. Treni ilichelewa. Shangazi akaenda kumuaga mke wa stesheni masta, nasi tukabaki kando ya banda la mizigo, kwenye magunia ya karanga. Silasi akavua kofia. "Eustadia," akasema, "imebaki miezi minne." Nami nikasema, "Minne kasoro siku tisa." Akanibusu mdomoni.

Lilikuwa busu fupi. Kwa muda huo sikuwa na wazo hata moja kichwani, jambo ambalo halijanitokea tangu nijue kusoma. Kisha mkono wangu wa kulia, bila kuniuliza, ukatoa leso, ukanipangusa midomo mara moja kutoka kushoto kwenda kulia, ukaikunja leso upande ulio safi, na ukabaki umeinuliwa, unangoja.

Silasi akaitazama leso. Akageuka kuangalia nyuma yake.

"Nani mwingine anafuata?" akauliza.

"Ni kwa ajili ya magonjwa," nikasema.

Bibi Mshauri, nilisema hivyo. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyepigwa na mtoto wake mwenyewe. Akasema polepole, "Mama aliniambia. Aliniambia Wakatoliki wanatuona sisi najisi, nikambishia mbele ya baba." Na mimi, badala ya kulia, au kumshika mkono, au hata kuzimia, kama wafanyavyo wasichana wenye akili, nikasema, "Kwa kweli asili ya busu haijulikani sawasawa," nikaanza kumweleza, na nilikuwa nimefika kwenye mvinyo wa Warumi treni ilipoingia na shangazi akapiga kelele, "We Eustadia, treni haingoji mahubiri!"

Tulipokaribia Tabora ndipo nilipojua mkono wangu ulikuwa wapi. Katika shule ya masista niliyosoma, kila Ijumaa ya Kwaresima tulipanga mstari kuubusu msalaba, na msichana mmoja alisimama kando na kitambaa cheupe, akipangusa miguu ya Bwana baada ya kila mdomo ili tusiambukizane mafua, kisha akigeuza upande safi kumngoja mwenzake. Msichana huyo kwa miaka minne nilikuwa mimi. Wasichana mia na kumi na wawili kila Ijumaa. Nilisifiwa kwa wepesi. Silasi hawezi kulijua hilo, kwa maana kanisani kwao hawabusu msalaba, na mimi siwezi kumweleza bila kukiri kwamba pale kwenye magunia ya karanga nilijigeuza kuwa msalaba na yeye nikamfanya darasa zima, jambo ambalo sijui kama ni dhambi au ni wazimu, na nimeogopa kumwuliza padri lisije likawa yote mawili.

Sasa ni wiki ya sita hajaandika. Juzi mshenga, Mzee Shilinde, alikuja nyumbani, akakohoa, akasema, "Wenzetu wa Igalula wanauliza, je, binti yenu ana neno juu ya usafi wa kijana wao? Watakuja Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane kusikia jibu, na wasiporidhika, uchumba umekwisha." Shangazi akashangaa. "Usafi gani? Kijana ananukia sabuni tangu mlangoni!" Akanitazama. Nikasema sijui, kwa sababu kumweleza habari ya leso ni kumweleza kwanza habari ya busu.

Nimemwandikia Silasi barua ya kurasa kumi na moja, yenye utangulizi, asili ya busu kwa mataifa mbalimbali, desturi za kupeana mikono na kubusu mikono ya wazee kama wafanyavyo Waarabu wa mjini, na mwisho maelezo ya kitambaa. Je, niipeleke posta kama ilivyo, au niongeze sura juu ya Wamoraviani? Nakuomba usidhani nilichukizwa. Sikuchukizwa hata kidogo, nilitaka arudie, lakini hilo sikuliandika kwa sababu halikuwa na mahali pake katika mpangilio.

Ni mimi,
Mpangusaji wa Kitete

*

Mpangusaji,

Majina yenu nimeyabadili. Stesheni sikuweza kuibadili, kwa hiyo fanya haraka kabla Igalula haijalisoma gazeti hili.

Nimekucheka, na sitakuficha. Nilipofika kwenye leso inayongoja wa pili nilimwita mume wangu naye asikilize, tukacheka wote wawili. Halafu nikaisoma tena, nikaacha kucheka, kwa sababu kuna mama mmoja huko Igalula ambaye alihofia mwanawe ataoa nyumba itakayomdharau, mwanawe akamtetea mchumba mbele ya baba, na kabla ya kuku wenu kuyeyuka tumboni wewe ukamthibitishia mama kwamba alisema kweli. Hilo hukulifikiria. Umefikiria Warumi.

Kosa la mkono si dhambi, wala si wazimu. Fundi cherehani akikaa kanisani mguu wake hukanyaga. Kosa lako halisi ni wiki sita zilizofuata. Kijana anangoja neno moja, wewe unampangia sura. Elimu ni nzuri, binti yangu, lakini wewe umeifanya chumba cha kujifungia, kila anayebisha hodi unampitishia karatasi chini ya mlango. Na shangazi umemdanganya, mtu ambaye kesho kutwa atakaa mbele ya wazee wa watu kukutetea bila kujua anatetea nini. Unataka aaibike kwa ajili ya jambo lako?

Kurasa zako kumi na moja usizipeleke popote. Ziko sentensi mbili tu za maana katika yote uliyoniandikia. Ya kwanza ni ile ya kitambaa cha shuleni. Ya pili umeificha mwishoni kabisa, na unaijua.

Leo hii mwambie shangazi yote. Atafoka mpaka jioni, mwache afoke, ni haki yake. Kisha Jumapili hii, msingoje ile ya wazee, pandeni treni mwende Igalula. Usimtafute Silasi kwanza. Nenda kwa mama yake, kwa sababu kidonda ni chake, na mwana atapona mama akipona. Piga magoti, mwamkie, mweleze habari ya Ijumaa za Kwaresima kama ulivyonieleza mimi, bila kuongeza wataalamu. Akicheka, cheka naye. Asipocheka, usijitetee. Omba maji ya kunywa, na akikuletea kikombe chako peke yako, kirudishe kwa adabu, umwambie utakunywa katika kile alichonywea yeye. Chakula kikija, usikubali kutengewa sahani ya mgeni. Kula naye chungu kimoja, mkono wako na wake katika ugali mmoja, na akibakiza kitoweo, kile alichobakiza ukile wewe. Hakuna hotuba duniani itakayomwambia mama huyo zaidi ya hapo, naye mshenga hatakuwa na swali la kuleta tena.

Padri wako mwambie au usimwambie, lakini ukimwambia, sema busu moja, si historia yake.

Silasi atakuwa kazini, au atajifanya yuko kazini. Mtakapokuwa mnarudi atalazimika kuja kuwakatia tiketi. Shangazi asogee kando kidogo, asiende mbali. Hapo mwambie ile sentensi ya pili, kama ilivyo, bila utangulizi na bila kueleza imetoka wapi. Kisha nyamaza. Utaona kimya ni kirefu na ulimi utakuwasha kutafuta jambo la kusema. Usiseme kitu. Hiyo ni zamu yake.