Naogopa Kuacha Mlango wa Oveni Wazi

Mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo nitaumbuka. Mwaka jana mpira wa gesi ulichomoka jikoni kwangu, moto ukaniunguza shingo, na tangu hapo sikugusa oveni mpaka mume wangu Irsan aliponiletea mpya ya umeme, yenye mlango wa kioo, akasema hii haina gesi, sasa jifunze kuoka bika, ile keki ya mama. Mama yake, ambaye namwita namboru, ameoka keki hiyo ya vitundu, iitwayo bika Ambon, hapa Medan miaka arobaini, hana binti, na ugonjwa wa sukari unamla macho, kwa hiyo ananifundisha kwa mdomo tu: washa moto wa chini, mimina uji, acha mlango wazi kiasi cha kidole mpaka vitundu vitokeze juu. Mshauri, mimi siwezi. Nikiona ule wekundu ndani, shingo inawaka upya, nafunga mlango, nakimbilia uani, na nikirudi bika imekuwa ngumu kama sabuni, haina tundu hata moja. Nimetupa saba. Ya nane niliinunua dukani, nikaitoa kwenye boksi, nikampelekea ikiwa vuguvugu. Akavipapasa vitundu kwa kidole, akalia, akasema, "Basi mwanangu, mkono wangu hautazikwa pamoja nami." Nikamwacha aamini. Sasa Alhamisi ni siku mia moja tangu baba mkwe afariki, watu watakuja kusoma dua, na namboru amewatangazia ndugu wote kwamba bika nitaoka mimi, naye atakaa jikoni asikilize. Irsan hajui kitu. Jana niliwaza kumwaga maji nyuma ya oveni ionekane imekufa yenyewe. Naogopa moto, namwogopa mama, na sasa naanza kujiogopa mwenyewe.

Masdalifah, Medan

Masdalifah, pole kwa shingo, na pole kwa hofu. Mtu aliyeungua hachekwi. Lakini maji kwenye kitu cha umeme? Unataka watu waje kukusomea dua wewe? Wazo hilo litupe leo.

Oveni yako ni nzima. Ukifunga mlango mapema, mvuke unakosa pa kutokea na juu kunaganda kabla vitundu havijapanda. Tui liwe vuguvugu tu unapotia hamira, likiwa la moto linaiua. Washa moto wa chini peke yake, zima feni, trei ipate moto kwanza, mlangoni bana kijiko cha chuma ubaki wazi. Vitundu vikijaa juu, ndipo ufunge na uwashe moto wa juu kidogo, upate rangi.

Kuhusu woga, leo chomoa plagi, fungua mlango, kaa mbele yake unywe chai. Kesho iwashe tupu, usimame mbali, usogee kadiri utakavyoweza. Ukishindwa, mtu mwingine akae na wewe.

Mtu huyo ni mama mkwe wako. Umemdanganya mwanamke anayepoteza macho, na sikufichi, ni vibaya. Tena umejidhulumu, kwa sababu akiamini umeshajua, hatakufundisha tena, na muda wake wa kuona unaisha. Usingoje Alhamisi. Nenda leo kabla ya magharibi, useme bila kuzunguka: "Namboru, ile bika niliinunua. Naogopa kuacha mlango wazi. Njoo ukae na mimi."

Atakasirika, nakuambia mapema. Mwache amalize. Halafu atakuuliza hamira umeiweka wapi.