Punje Moja Kwenye Mizani ya Gunia

Murungu, Kibondo
9 Machi 2014

Binti yangu Winifrida,

Amahoro, mwanangu. Natumaini kifua kimekuacha. Sisi tunapumua. Baba yako ameanza kula tangu juzi, maharage tu bila ugali, lakini ni kula.

Nakuandikia kwa sababu simu bado nimeizima. Ule mlio wa kuita aliourekodi marehemu mdogo wako Bukuru, akimcheka jogoo, siwezi kuusikia kwa sasa.

Nina jambo la kukuuliza, wewe unayeshinda na kompyuta dukani kwa Mwanaamina. Juzi nilimpeleka Butoyi kliniki ya selimundu, Kibondo mjini, kuchukua vidonge vyake. Muuguzi akaingiza namba ya kadi kwenye kompyuta, akaisogelea kusoma. Kisha akasema, "Mama, hapa inasema mtoto huyu amefariki." Nikamwambia aliyefariki ni pacha wake. Akaingiza tena, ikawa vilevile. Butoyi akamuuliza, "Dada, si mimi huyu nimeegemea meza yako?" Akajibu, "Nakuona, mdogo wangu, ila stoo inaifuata kompyuta, hainifuati mimi." Kwa huruma alitupa vidonge vya kutufikisha Pasaka.

Unajua nilivyowalea. Bukuru akinunuliwa viatu, Butoyi naye kapata. Mmoja akichanjwa, mwingine anakunja mkono wa shati. Pacha hawatengwi. Hata siku hiyo ya kliniki nilibeba masweta mawili, mkono ulichukua wenyewe. Sasa mashine nayo imewaweka pamoja, na mimi naogopa kwamba imeona jambo ambalo sisi hatujaliona.

Tafadhali uliza kwenye ofisi kuu ya mradi unaoendesha kliniki hiyo, hapo Kasulu.

Mama yako,
Theodosia


Kasulu
17 Machi 2014

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona. Asali yako imefanya kazi, na Mwanaamina ameionja akasema chupa ijayo ni yake. Mwambie baba namwombea hamu ya ugali.

Nilikwenda ofisi ya mradi. Anayetunza kompyuta ni kijana anaitwa Saady. Nilifika na hasira, nikamwambia, "Mmemuua mdogo wangu." Akasema, "Kaa kwanza, dada, unywe maji, halafu uniue na mimi."

Mama, mashine haijaona kitu. Shida yake ni kwamba haikuweza kuona. Namba ya kadi ina tarakimu kumi na saba, na mbili za mwisho ndizo za mtoto ndani ya nyumba: Bukuru 01, Butoyi 02. Mwezi wa kwanza walihamishia namba zote kwenye mtambo mpya. Huo mtambo, namba ikiwa fupi, unaihesabu mpaka moja ya mwisho. Ikizidi urefu unaikadiria. Unashika tarakimu kumi na tano za mwanzo, zinazobaki unazifanya sifuri.

Kumbuka mizani ya gunia kwa mzee Nkunzimana. Gunia la maharage likiwa juu, ukiongeza punje moja mshale hausogei. Kwa mizani ile, magunia mawili yaliyopishana punje moja ni sawa kabisa. Ndivyo Bukuru alivyokuwa 00, na Butoyi 00. Walipoandika kwamba mmoja amefariki, mtambo ukawaandikia wote wawili. Saady ameangalia, na kila nyumba yenye watoto wawili kliniki namba zao zimegongana. Wetu wameonekana kwanza kwa sababu sisi ndio tuliofiwa.

Nilimuuliza kama inatengenezeka. Akacheka. "Nani atajumlisha kadi ya Butoyi na kadi ya mtu mwingine? Hiyo si hesabu, dada, ni jina. Nitaiandika kama jina, mtambo utaacha kukadiria."

Ila punje zilizokwisha kupotea mle ndani hazirudi zenyewe. Lazima mtu azisome kwenye kadi. Niandikie namba ya Butoyi, yote kumi na saba. Ya Butoyi peke yake inatosha. Fanya haraka, Mama, Pasaka haiko mbali.

Mwanao,
Winifrida


Kasulu
14 Aprili 2014

Mama,

Shikamoo. Nasubiri kila gari linalotoka Kibondo, na makondakta wameshaanza kunikimbia. Saady akinipita dukani anatikisa kichwa tu kuuliza, nami natikisa changu kumjibu.

Butoyi ni mzima? Kama barua yangu ilipotea, washa simu hata kidogo. Ikilia, ziba masikio, umwachie Butoyi apokee.

Mwanao mwenye wasiwasi,
Winifrida


Murungu
18 Aprili 2014, Ijumaa Kuu

Winifrida mwanangu,

Amahoro. Butoyi ni mzima. Macho yamekuwa ya njano kidogo, lakini anatembea na kubishana.

Barua yako ya kwanza niliipata mapema, usimlaumu dereva. Kadi zao zimefungwa pamoja kwa uzi. Bukuru alizifunga mwenyewe siku walipopewa, kwa lile fundo lake la kufungia mbuzi. Kuandika ya Butoyi peke yake ilibidi nifungue. Nilizitoa nikazirudisha, nikazitoa tena nikazirudisha. Niliona nikizitenga nitakuwa nimemzika mara ya pili.

Leo Butoyi amenikuta nimezishika. Akasema, "Mama, ukituacha tumefungwa hivi, nitabaki naye kule." Akaongeza, "Na yeye mwenyewe hakupenda nimuige. Nikivaa shati kama lake alinifukuza. Hata kwa hili angenifukuza." Nikacheka, binti yangu, nikasikia sauti yangu kama ya mgeni. Akalifungua fundo kwa meno, kama kaka yake alivyomfundisha.

Namba ni hii, ameiandika yeye: 41207350018846302.

Chini yake naandika na ya Bukuru: 41207350018846301. Najua si ya kuchukulia dawa tena. Mwambie huyo Saady aiingize nayo kama jina. Mwanangu asibaki sifuri.

Mama yako,
Theodosia


Kasulu
22 Aprili 2014

Mama,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Barua ilifika Jumamosi jioni. Saady alifungua ofisi Jumatatu ya Pasaka, akasema sikukuu hiyo si yake, basi asisingizie mapumziko.

Aliziingiza zote mbili, moja chini ya nyingine, halafu akakigeuza kioo cha kompyuta nisome. Bukuru, 01, amefariki. Butoyi, 02, yuko hai. Niliyasoma majina yote mawili kwa sauti, na Saady akatazama pembeni mpaka nilipomaliza.

Vidonge nakutumia na dereva pamoja na barua hii. Lakini nilimweleza daktari wa mradi kuhusu yale macho, anataka kumwona Butoyi hapa Jumatatu ijayo. Najua palizi imekubana. Mpandishe gari, mimi nitampokea stendi.

Mwanao,
Winifrida


Murungu
28 Aprili 2014

Winifrida mwanangu,

Amahoro. Barua hii anakuletea Butoyi mwenyewe. Anasafiri bila mwenzake kwa mara ya kwanza tangu tumboni, kwa hiyo akiongea sana mvumilie, na akinyamaza mvumilie pia.

Chupa mbili za asali, moja ya Mwanaamina na moja ya Saady. Wasibadilishane, ya Saady ndiyo kubwa.

Nilipofunga mfuko wake, mkono ulichukua masweta mawili kama kawaida. Nimelirudisha moja kwenye kamba ya nguo.

Simu nimeiwasha. Akifika nipigie. Usikate haraka ukiona sipokei, nitaiacha ilie kwanza.

Mama yenu,
Theodosia