Mkufu Uliozikwa Nao

Mama,

Shikamoo. Barua hii naianza naiacha, maana kila nikikaa nainuka. Chai imepoa mezani. Nje mafundi wanakoroga zege, leo wanajengea kaburi lako, na mimi tangu asubuhi nazunguka migombani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nina rababendi zako mfukoni. Zile nyekundu na za njano ulizovaa mkono wa kushoto, za kufungia mafungu ya mnafu, mboga yako ya kuuza. Ulishuka nazo sokoni Moshi, ukarudi nazo Kibosho, ukaenda nazo hata kupokea Komunyo. Mtoto akilia kanisani, unamvulia moja aichezee. Wanawake walipokuosha walizivua wakaziweka dirishani. Mimi nilifika kutoka kazini umeshavalishwa: gauni jeupe, rozari, na mkufu wa dhahabu shingoni. Mkufu. Wewe. Nilisimama kwenye jeneza nikakasirika badala ya kulia, na hasira hiyo nimetembea nayo mpaka leo.

Kazi yangu unaijua. Majirani uliwaambia nalipwa kuchokoa mifupa. Yule mwanamke tuliyemfukua huko tambarare, chini ya Bomang'ombe, aliyezikwa zamani kabla ya chuma na kabla ya mgomba, alikuwa na shanga za ganda la yai la mbuni shingoni na kiunoni. Kwenye ripoti nikaandika: mwanamke wa cheo. Ndivyo tunavyofanya, tunasoma pambo kisha tunamtaja mtu. Basi nikawaza, na wewe atakayekufukua atasoma nini? Mama wa dhahabu, mwenye nacho. Mnafu hautajulikana, wala asubuhi zako za baridi, wala ubishi wako. Iliniuma, Mama. Niliona wamemzika mtu mwingine.

Kwa hiyo nikawaomba mafundi wasubiri. Nilitaka nichimbe kidogo tu, nizitie rababendi udongoni kabla zege halijafunga kila kitu. Kaka Deo akaniuliza kama nimepagawa. Nikamjibu vibaya. Nilikuwa nimeshapiga magoti na mwiko wangu wa kazini, na kwa mazoea najua mkono wako wa kushoto uko usawa gani.

Mara Mama Mdogo akaja na sufuria ya mtori wa mafundi. Jasho lilikuwa linamtoka, akavua mtandio. Shingo tupu. Nilimtazama mpaka akaona ninachotazama. Ulikuwa mkufu wake, Mama, ule aliopewa na marehemu Baba Mdogo siku ya harusi, ambao tangu afiwe aliuvaa ndani ya gauni usionekane. Ndiyo maana sikuutambua.

"Dada hakuwahi kuvaa kitu," akasema. "Nikaona asiende hivyo." Akaanza kupakua mtori.

Niliuweka mwiko chini. Nikakumbuka siku niliyokuonyesha picha ya zile shanga kwenye simu, ukasema, "Labda aliazima. Kwani kipaimara chako mimi si niliazima viatu?" Tulicheka sana. Wanasema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ya kwako imekusitiri.

Maiti hajivalishi. Sisi wafukuaji tunafundishwa hilo mwanzoni kabisa, na nilikuwa nalijua kichwani tu. Yule mwanamke wa shanga huenda naye alikuwa na mtu aliyerudi nyumbani shingo tupu, akakaa akiota moto. Na mimi nikaona cheo. Ripoti nitaiandika upya, ingawa sijui nitaliwekaje jambo hilo kwa lugha ya ofisini.

Nimewaachia mafundi waendelee. Rababendi nimezivaa mimi, zinabana. Sitakudanganya kwamba nimetulia. Nikimaliza hapa nitatoka tena nje nizunguke.

Pumzika, Mama. Mama Mdogo usimuwazie. Mtori wake bado hauna chumvi, na siku hizi anaongea peke yake jikoni kwa kukosa wa kugombana naye. Nitakuwa napanda huku nigombane naye mimi. Na siku yake ikifika, nakuahidi, nitawahi, na nitamvalisha kwa mikono yangu.

Mwanao,
Anjela